Nyota Zisizokaa Mahali Pamoja

Wasomaji wetu watakumbuka ya kuwa mwishoni mwa mwaka 2020, mwaka ule wa maradhi ya korona, kila aliyetazama upande wa magharibi baada ya jua kuchwa aliona nyota mbili kubwa zikikaribiana usiku baada ya usiku, hata ilipofika tarehe 21 Desemba zilikuwa karibu kuwa nyota moja. Shangazi yetu, mama mtu mzima aishiye kijijini, naye aliziona. Lakini hakuachwa azitazame kwa raha yake, kwani palikuwa na mtu mmoja akipita nyumba kwa nyumba akieneza habari ya kuwa nyota zile ni mahasimu wawili, na zikigusana maradhi yataingia kila mlango. Ila yeye, alisema, anayo dawa ya kuzitenga. Shangazi akatoa mbuzi. Siku chache zilipopita nyota zikatengana kweli, na yule bwana akarudi kudai mbuzi wa pili, kwa kuwa kazi imekwisha.

Habari hizi tulizipata tulipokwenda kumjulia hali. Tukamweleza ya kuwa nyota zile zingalitengana hata kama asingalitoa unyoya mmoja wa kuku, na ya kuwa siku ya kukutana kwake ilikuwa imekwisha kuhesabiwa na wenye elimu miaka mingi kabla. Akanyamaza kidogo, kisha akatuuliza, "Ninyi mliosoma mlikuwa mkiyajua haya, mbona hamkutuambia kabla ya mbuzi?" Hatukuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu letu, ijapokuwa limechelewa, nasi twaiandika kwa ajili ya machifu na walimu na kila mtu awezaye kuwasomea jirani zake.

Kwanza yatupasa kutenga mambo mawili ambayo tumezoea kuyaita kwa jina moja. Ukitazama juu usiku usio na mwezi, kila king'aacho wakiita nyota. Karibu zote ni nyota kweli, nazo husafiri pamoja kama shanga zilizoshonwa juu ya nguo moja: zachomoza mashariki, zachwea magharibi, lakini hazibadili nafasi zake zenyewe kwa zenyewe. Kilimia, kile kishada kidogo ambacho wakulima wamekitazama tangu zamani ili wajue majira ya kulima, kilikuwa na umbo lile lile babu zetu walipokuwa watoto. Ndiyo sababu kilifaa kwa hesabu ya mashamba: kila mwaka chaonekana kwa majira yake, wala hakimdanganyi mtu.

Walakini kati ya hizo zote ziko tano ambazo macho matupu yaweza kuziona, nazo hazikai mahali pamoja. Leo moja iko karibu na kishada hiki, baada ya mwezi mmoja imekwisha kukiacha, na mwakani haipo kabisa upande ule. Waarabu waliziita kwa neno lenye maana ya kitu kiendacho, nasi tukalipokea likawa sayari. Hata leo, ukifika Maskati na kutaka motokari, utaisikia ikiitwa kwa neno lilo hilo. Majina yake matano nayo yalitufikia kwa njia ya pwani: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali.

Mtu atauliza, Nitaijuaje sayari nami sina darubini? Zipo alama tatu. Ya kwanza, nyota humetameta kama taa iliyo katika upepo, lakini sayari hutoa nuru iliyotulia, isipokuwa ikiwa chini sana karibu na upeo wa macho. Ya pili, sayari hazitangitangi ovyo mbinguni pote. Zafuata ile njia ipitwayo na jua na mwezi. Basi nuru kubwa ikiwa mbali na njia hiyo, iwe upande wa kaskazini au wa kusini, hiyo ni nyota. Alama ya tatu ndiyo iliyo bora kupita zote, ila yataka uvumilivu: chukua karatasi, chora zile nyota zilizo karibu na nuru unayoishuku, weka tarehe, kisha chora tena baada ya wiki mbili. Ikiwa imehama kati ya wenzake, umekwisha kuipata. Mwalimu aliye na wanafunzi wenye madaftari aweza kufanya kazi hii bila gharama yo yote.

Sasa, vitu hivi ni nini? Si moto, wala si taa. Nyota ni jua lililo mbali, na jua letu ni nyota iliyo karibu. Lakini sayari ni tufe la mawe au la hewa nzito, lisilo na nuru yake lenyewe, nalo lang'aa kwa sababu jua laliangaza, kama vile mwezi ung'aavyo, au kama ukuta uliopakwa chokaa ung'aavyo wakati wa adhuhuri. Kila moja yalizunguka jua katika njia yake, zile za karibu kwa haraka, zile za mbali polepole. Na katika hesabu hiyo imo hii dunia tuikanyagayo. Dunia yetu ni sayari ya tatu tangu jua, iko mbali nalo kadiri ya kilomita milioni 150, nayo yalizunguka kwa siku 365 na robo. Mtu akiwa juu ya Mirihi angetuona sisi kama nyota ya jioni. Jambo hili ndilo gumu kuliko yote, na watu wengi wenye akili katika Ulaya walilikataa kwa muda mrefu baada ya Copernicus kulitoa katika kitabu chake mwaka 1543. Basi mzee akilikataa barazani, mwalimu asimcheke.

Twapenda kukaa zaidi juu ya Zuhura, kwa kuwa ndiyo ijulikanayo na kila mtu, na ndiyo iliyoleta mabishano mengi. Baada ya jua na mwezi hakuna king'aacho kuliko hiyo. Wengi waijua kama nyota ya alfajiri, ambayo msafiri huiona akianza safari kabla ya mapambazuko. Na wengi waijua kama nyota ya jioni, ambayo hutangulia nyingine zote kuonekana jua lichwapo. Katika makabila kadha wa kadha yasemwa ya kuwa ni mke wa mwezi, na wengine husema ni wake wawili, mmoja wa jioni na mmoja wa asubuhi. Tumesikia ubishi wa namna hii ukichukua muda wa baraza nzima.

Ukweli ni kwamba ni moja tu. Njia ya Zuhura iko ndani ya njia yetu, yaani iko karibu na jua kuliko sisi, kadiri ya kilomita milioni 108. Kwa hiyo sisi tulio nje twaiona daima upande lilipo jua, mara kuume kwake, mara kushoto. Haiwezi kamwe kwenda mbali nalo. Ikiwa upande mmoja, jua lachwa kwanza nayo yabaki nyuma, nasi twaiita ya jioni. Ikiwa upande wa pili, yatangulia jua kuchomoza, nasi twaiita ya alfajiri. Na mwenye shaka na ajiulize hivi: ni nani katika nchi zetu aliyepata kuiona Zuhura utosini saa sita ya usiku? Hakuna, wala hataonekana. Tena na aangalie jambo hili: jioni na alfajiri hazipati nyota hiyo kwa wakati mmoja. Yakaa jioni kadiri ya miezi tisa, yapotea kwa siku chache, yatokea alfajiri nayo yakaa huko kadiri ya miezi tisa tena, kisha yapotea kwa siku kama 50 kabla ya kurudi jioni. Mzunguko huo wote huchukua siku 584.

Hapa pana jambo zuri kwa mtu apendaye kuandika kumbukumbu. Mizunguko mitano ya namna hiyo ni sawa na miaka minane kasoro siku mbili hivi. Maana yake, mahali uionapo Zuhura jioni ya leo, pamoja na nyota zilizo kando yake, ndipo utakapoiona tena baada ya miaka minane, karibu kwa tarehe ile ile. Baba akiandika tarehe hiyo katika daftari mtoto wake aingiapo darasa la kwanza, mtoto atalifungua mwenyewe akiwa kijana na kuona kama kweli au uongo.

Wako walioiona Zuhura ikipita mbele ya jua kwa macho yao. Tarehe 8 Juni 2004, tangu saa mbili na robo hivi asubuhi hata karibu saa nane na nusu mchana, ilipita kati yetu na jua, na waliokuwa na vioo maalumu vya kukinga macho katika nchi za Afrika ya Mashariki waliona doa dogo jeusi la mviringo likitambaa juu ya uso wa jua. Ikapita tena mwezi wa Juni 2012, wala haitapita tena hata Desemba 2117. Nyota iliyo mbali huko nyuma ya jua haingeweza kufanya hivyo.

Ukubwa wake ni karibu sawa na dunia yetu, kwa kuwa upana wake ni kilomita 12,104 na wa dunia ni 12,742 hivi. Kwa sababu hiyo zamani watu walidhani huenda pakawa na misitu na mito chini ya mawingu yake meupe. Warusi ndio waliokwenda kuhakikisha. Tarehe 15 Desemba 1970 chombo chao kiitwacho Venera 7 kilishuka juu yake, kikaleta habari kwa muda wa dakika 23, kisha kikanyamaza. Si ajabu, maana joto la huko hufika digrii 465, hata risasi yayeyuka. Mawingu yake ni ya asidi kali, na hewa yake yalemea kama mtu aliyezama baharini kina cha mita 900 hivi. Na hewa hiyo karibu yote ni ile hewa ya ukaa itokayo katika moto na moshi wa mitambo, nayo hulizuia joto lisitoke, kama blanketi. Basi mke wa mwezi, ijapokuwa mzuri kwa kutazamwa, hana nyumba ya kukaribisha wageni.

Mirihi ni ile nyekundu. Wekundu wake si damu wala si dalili ya vita. Ni kutu, maana udongo wake una chuma nyingi iliyokula kutu, kama mabati ya zamani. Ni ndogo, upana wake kadiri ya nusu ya dunia, na mwaka wake ni siku 687. Siku yake yapita yetu kwa dakika chache tu. Ina mlima mmoja uitwao Olympus Mons, uliotokana na volkano, urefu wake kadiri ya kilomita 22. Kilimanjaro ina mita 5,895, basi mtu ahesabu mwenyewe ni milima mingapi ya Kilimanjaro iliyopandana. Wamarekani wamepeleka huko magari yajiendeshayo bila mtu; moja, Curiosity, lilifika Agosti 2012, na lingine, Perseverance, lilifika Februari 2021, nayo yamepiga picha za mabonde yaliyochimbwa na maji zamani sana. Kiumbe hai bado hakijaonekana.

Jambo moja la Mirihi limewatisha watu tangu kale, nalo ni kurudi nyuma. Kwa kawaida sayari husogea kati ya nyota kuelekea mashariki, lakini kila baada ya miezi kama 26 Mirihi husimama, hurudi kinyume kwa muda wa miezi miwili na zaidi, husimama tena, kisha huendelea na safari yake. Mganga aweza kusema mengi juu ya nyota irudiyo nyuma. Lakini fikiri watu wawili wapandao baiskeli katika njia pana, wewe upande wa ndani na mwenzako upande wa nje, nawe una mbio kuliko yeye. Unapompita, ukimtazama yeye pamoja na miti iliyo mbali nyuma yake, atakuwa kama arudiye nyuma, ijapokuwa naye akanyaga kwa nguvu zake zote. Sisi ndio tunaoipita.

Tena tuseme habari ya uvumi mmoja. Tangu mwaka 2003, Mirihi ilipotukaribia kwa kilomita milioni 56 hivi, kila ifikapo Agosti hupita maneno, siku hizi kwa simu, ya kuwa usiku fulani Mirihi itaonekana kubwa kama mwezi. Hata mwaka ule wenyewe wa 2003 upana wake machoni petu haukuwa sehemu moja ya sabini ya upana wa mwezi. Aletewaye habari hizo na asizipeleke mbele.

Sasa twarudi kwa mbuzi wa shangazi. Zile nyota mbili zilikuwa Mshtarii na Zohali. Mshtarii ni kubwa kuliko sayari nyingine zote zikijumlishwa; dunia kama yetu zaidi ya 1,300 zingeweza kuingia ndani yake. Haina ardhi ya kukanyaga, bali ni hewa juu ya hewa, na juu ya uso wake pana dhoruba nyekundu, pana kuliko dunia nzima, ambayo imetazamwa kwa darubini kwa muda wa karne na zaidi. Mwenye darubini ndogo ya mikono miwili, kama ile ya askari wa wanyama, na aiegemeze juu ya ukuta ili isitikisike, aitazame Mshtarii: ataona vidoa vya nuru vimejipanga kando yake, viwili au vitatu au vinne, na kesho vitakuwa vimebadili mpango. Hiyo ni miezi yake minne mikubwa, ambayo Galileo wa Italia aliiona Januari 1610, ikamfundisha ya kuwa si kila kitu kilichoko mbinguni kinaizunguka dunia. Zohali nayo ni ya hewa, ndogo kidogo kuliko Mshtarii, nayo ndiyo yenye ile pete kubwa, ambayo si kipande kimoja, bali ni vipande vya barafu visivyo na hesabu, vingine kama punje za mchanga, vingine kama nyumba, kila kimoja kikiizunguka sayari kwa njia yake. Pete hiyo haionekani kwa macho matupu. Miezi ya Zohali iliyokwisha kuhesabiwa mwaka 2025 ilikuwa 274.

Mshtarii yalizunguka jua kwa miaka 12 kasoro kidogo. Zohali yalizunguka kwa miaka 29 na nusu. Haya ndiyo yote ambayo shangazi alihitaji kuyajua. Fikiri watu wawili wazungukao uwanja wa soko, mmoja mwepesi na mmoja mzee. Yule mwepesi hana budi kumfikia mzee, kumpita, na kumwacha nyuma, kisha baada ya muda kumfikia tena. Duara lina digrii 360. Mshtarii kila mwaka yaenda digrii 30 na kitu, Zohali yaenda 12 na kitu; basi kila mwaka Mshtarii yaipita Zohali kwa digrii 18 hivi. Gawanya 360 kwa 18, utapata 20. Kwa hiyo zakutana kila baada ya miaka 20: zilikutana mwaka 2000, zikakutana mwaka 2020, nazo zitakutana tena mwaka 2040, karibu na mwisho wa Oktoba. Mara ile ya 2020 zilionekana karibu kuliko desturi, kiasi ambacho hazikupata kukaribiana tangu mwaka 1623, na hilo ndilo lililowapa nafasi wauza hofu.

Wala hazikugusana. Usiku ule Zohali ilikuwa nyuma ya Mshtarii kwa zaidi ya kilomita milioni 700, nazo zilionekana pamoja kama vile mbuyu ulio karibu na kilima kilicho mbali vionekanavyo pamoja kwa mtu asimamaye mahali fulani njiani. Ukienda hatua kumi, vimetengana. Yule bwana alijua, au hakujua, ya kuwa baada ya siku chache zitaachana. Kwa vyovyote alikula mbuzi wa mtu kwa kazi iliyofanywa na hesabu ya kugawanya.

Utaridi hatuna mengi ya kuisema. Ndiyo iliyo karibu na jua kuliko zote, ndogo kuliko zote, na mwaka wake ni siku 88. Mchana wake joto hufika digrii 430, na usiku baridi hushuka digrii 180 chini ya sifuri, kwa kuwa haina hewa ya kuhifadhi joto. Yaonekana kwa siku chache tu kila mara, chini kabisa, wakati mwanga wa jua haujaisha. Watu wengi wamekufa wakiwa wazee bila kuiona. Apendaye kuitafuta jioni na angoje jua lizame kabisa kabla ya kuinua darubini, maana kulitazama jua kwa darubini, hata kwa nukta moja, ni kupofuka macho.

Walimu hutuuliza jinsi ya kuwaonyesha watoto umbali wa vitu hivi, kwa sababu maneno kama milioni hayakai kichwani mwa mtoto. Chora kwa chaki duara la upana wa mita moja juu ya ukuta wa shule. Hilo ndilo jua. Mpe mtoto mmoja punje ya hindi, aende hatua zenye jumla ya mita 107. Punje hiyo ndiyo dunia yetu na watu wote walio juu yake. Mwezi ni mbegu ya ulezi, iliyo mbali na punje ile kupita shubiri moja kidogo. Kabla ya kufika pale, aliyechukua punje ya mtama asimame mita 41, naye ni Utaridi, na mwenye punje ya pili ya hindi asimame mita 77, naye ni Zuhura. Mirihi ni punje ya choroko, mita 163. Baada ya hapo njia yawa ndefu: Mshtarii ni nazi iliyofuliwa, mita 560, Zohali ni chungwa, kilomita moja na zaidi kidogo, huenda ikawa ni kijiji cha pili.

Wala hapo siyo mwisho. Ziko sayari mbili nyingine ambazo wazee wa zamani hawakuzijua, kwa kuwa hazionekani vema bila darubini. Uranus iligunduliwa Machi 1781 na William Herschel katika Uingereza. Neptune ilionekana Septemba 1846 huko Berlin, na habari yake ni ya ajabu, maana Mfaransa Le Verrier alikuwa ameihesabu kwa kalamu kabla haijaonekana: aliona ya kuwa Uranus haiendi sawasawa na hesabu, akasema ipo nyingine iivutayo, akataja mahali, na Johann Galle alipoielekeza darubini akaikuta. Katika mfano wetu hizo ni ndimu mbili, moja kilomita mbili na nyingine zaidi ya kilomita tatu tangu ukuta wa shule. Neptune yalizunguka jua kwa miaka 165 hivi, hata tangu iliponekana imemaliza mzunguko mmoja tu, mwaka 2011. Na mtoto akiuliza nyota iliyo karibu kabisa ingewekwa wapi katika mfano huo, jibu ni kwamba hakuna barabara ya kumfikisha: ni kadiri ya kilomita 28,000, zaidi ya nusu ya kuizunguka dunia.

Limebaki neno la majina, kwa kuwa tumeona wanafunzi wakikosana na walimu wao juu yake. Majina ya zamani ya Kiswahili yalikuwa matano tu. Waandishi wa vitabu walipotaka kuzitaja zile zilizogunduliwa baadaye, wengine waliyagawa upya majina yale, hata utaona kitabu kimoja kikiiita sayari ya kwanza Zebaki, ambalo ni jina la madini ile ya majimaji, na jina Utaridi kimelipeleka kwa Pluto, iliyo mbali kabisa; na Zohali nayo mahali pengine imepewa jina lingine. Sisi tumefuata desturi ya kale, ambayo ndiyo ya Waarabu na ya watu wa pwani. Mwalimu akikuta kitabu chenye mpango mwingine, na awaambie wanafunzi ni sayari ya ngapi tangu jua, na ubishi utaisha.

Pluto yenyewe iligunduliwa Februari 1930 na Clyde Tombaugh wa Marekani, ikahesabiwa kuwa sayari ya tisa. Baadaye vilionekana vitu vingine vingi vya namna yake katika upande ule wa mbali, na mwezi wa Agosti 2006 wenye elimu ya falaki walikutana Prague wakakata shauri ya kuwa iitwe sayari kibete, na sayari kamili zibaki nane. Haikuharibika wala haikupotea. Julai 2015 chombo cha Wamarekani kilipita karibu nayo na kupiga picha za milima yake ya barafu. Mwalimu aliye na picha ya zamani ukutani yenye sayari tisa asiibandue. Na aandike kwa wino kando ya ile ya mwisho, 2006.